Tupeane uzoefu: Dunkel ya kupika nyumbani kuanzia kimea, bechi yako ya kwanza iliharibikia wapi?

Mpishi wa Stoo
Wakuu, heshima kwenu. Sisi wa ughaibuni tunaojipikia bia, leo tuongelee Dunkel, ile bia ya kahawia ya München. Nawataka waliosaga kimea wenyewe. Wale wa kufungua kopo la rojo la kimea lililo tayari wakae pembeni kidogo, wasome.

Naanza mimi. Niko Nürnberg, Ujerumani, mwaka wa sita. Baba mkwe aliponiona nahangaika na ndoo aliuliza swali moja tu: "Baridi utaitoa wapi?" Nikaona mzee ananidharau. Akili yangu yote ilikuwa kwenye rangi. Kwa lita 20 nilikuwa na kilo 5 za kimea cha Munich, kile cha kawaida cha Dunkel, nikaongeza nusu kilo ya kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi. Nusu kilo! Gramu 100 zingetosha kabisa. Ikatoka kama oili chafu ya gari, inakwaruza koo kama kahawa iliyolala.

Hamira ilikuwa ya lager, yaani ya bia zinazochachia kwenye baridi, inayotaka nyuzi 10 hadi 12. Mimi ndoo nimeiweka jikoni, nyuzi 22. Siku ya pili povu liko sakafuni, nyumba nzima inanukia juisi ya matunda. Hapo nikamwelewa mzee.

Bechi ya pili nilisubiri Februari, nikaishusha stoo ya chini ya nyumba, nyuzi 9. Wiki tatu ikichacha, halafu wiki sita kwenye friji mkweche, nyuzi 2. Mzee alikunywa, akafuta povu mdomoni, akasogeza glasi iongezwe. Hakusema neno.

Karibuni.

Garaji Minnesota
Mimi baridi ninayo ya kugawa, garaji yangu Januari ni friji tosha. Kilichoniumbua ni kuchuja. Nilisaga kimea laini kama unga wa chapati nikidhani ndiyo utamu utatoka wote. Nikafungua koki, tone moja. Tone lingine. Saa mbili nimeinama hapo, mama watoto anauliza kama nasali. Jameni, pumba ndiyo chujio lenyewe! Punje ipasuke tu, pumba ibaki nzima.

Lakini mkuu, hapo kwa hamira sikubaliani na wewe sana. Ya kwangu niliichachua nyuzi 18 na ikatoka safi. Nadhani 22 ndiyo ilikuharibia.

Binti Kibosho
Mnanichekesha. Bibi zetu walijua habari za kimea kabla hatujapanda ndege: ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ukipoa unachanganywa na ndizi zilizochemshwa na kuchacha. Mbege hiyo.

Dunkel mimi napika kwa njia ya zamani ya Wajerumani, ya kabla ya vipimajoto. Mchanganyiko wa kimea na maji ukiwa nyuzi 63, nachota theluthi, ile sehemu nzito, nachemsha kando dakika 15 nikikoroga, kisha nairudisha. Sufuria kubwa inapanda yenyewe hadi karibu nyuzi 72. Harufu ya ganda la mkate inatoka hapo, siyo kwenye kimea cheusi.

Ila mara ya kwanza nilipokea simu ya mama kutoka Moshi, mwiko nikauweka chini. Mama akiongea mnamjua. Lita 20 zote zikanuka ukoko, na tulizinywa hivyohivyo.

Mgeni Jikoni
Shikamooni. Yangu ina wiki mbili chupani, inanuka siagi. Nimwage?

Mpishi wa Stoo
Marahaba. Usimwage, ndugu yangu! Ulikimbilia friji mapema. Kuchacha kukikaribia kuisha, ipandishe hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku mbili tatu, hamira iile hiyo harufu ya siagi, ndipo uipoze. Kwa sasa toa chupa kwenye friji, ziweke penye joto la chumba wiki mbili, uonje moja. Sukari ya chupani, ile ya kuleta gesi, uliweka kiasi gani?

Mgeni Jikoni
Kijiko cha chakula kila chupa.

Garaji Minnesota
Ya nusu lita?? Hiyo ni bomu! Gramu 3 zinatosha. Usizipeleke penye joto! Rudisha friji sasa hivi, zifunikie taulo nene, na ukifungua vaa miwani.

Mgeni Jikoni
Zilikuwa nyuma ya kochi. Moja ishalia. Nitaleta mrejesho.