Mjadala: Zabuni za kompyuta za shule zidai jaribio la kipoza, au namba ya kwenye boksi inatosha?

Mleta mada, Kampala

Ndugu zangu, hoja yangu ni hii, na kwa wageni: kipoza ni chuma na feni vinavyoondoa joto kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Zabuni za kompyuta za mezani za shule na ofisi za umma hapa Uganda ziache kupokea maneno kama "kipoza hiki kinahimili wati 220". Anayetaka kuuza alete jaribio: prosesa ilikula wati ngapi, hewa inayoingia kwenye feni ilikuwa na joto gani, prosesa ilipanda digrii ngapi juu ya hewa hiyo, na feni ilipiga kelele kiasi gani. Bila hayo manne, namba ya kwenye boksi ni tangazo tu.

Viwanda havina njia moja ya kuipima namba hiyo, kila kimoja kinajipimia kivyake. Noctua, watengenezaji wa vipoza, wao hata wati hawaandiki, wameweka alama zao za kulinganishia. Upande wa prosesa nako ni vurugu. Prosesa ya kampuni ya AMD ya soketi (tundu la kuichomekea) ya AM5 iliyoandikwa wati 65 inaruhusiwa kuvuta 88, na ya 105 inafika 142. Ya wapinzani wao Intel, Core i9-13900K, imeandikwa 125, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa hadi 253. Ofisa ununuzi akiweka 125 kando ya 220 anaona amebakiza akiba kubwa, kumbe hana kitu.

Muuzaji, Kampala

Ssebo, ni shule gani ya serikali inanunua i9? Wanachukua i3 na i5, prosesa ndogo zaidi, na feni iliyokuja ndani ya boksi la prosesa inawatosha. Ukilazimisha majaribio, gharama ataibeba nani? Nitaiweka kwenye bei, basi. UNBS, shirika la viwango la Uganda kule Bweyogerere, waachieni wapambane na nyaya feki za umeme zinazochoma nyumba. Na majaribio yamejaa mtandaoni, ya bure, yamefanywa na watu wenye vifaa kunishinda mimi na wewe.

Mleta mada

Ya mtandaoni nayasoma, na mengi ni mazuri. Lakini angalia yalikofanyiwa: chumba chenye kiyoyozi, digrii 20 au 22, mara nyingi mashine iko wazi mezani bila kasha. Kipoza kinachoiacha prosesa digrii 60 juu ya hewa kitasoma 81 kwao. Chumba cha digrii 31 bila kiyoyozi kitasoma 91, na hapo hatujafunga kasha. Anayetangaza 81 tupu, bila kusema hewa ilikuwa digrii ngapi, hajakuambia kitu.

Kuna mtego mwingine unaonikera zaidi. Prosesa za siku hizi zinajilinda. Ryzen 7000 ya AMD ikifika digrii 95 inajipunguzia kasi ili isivuke hapo. Weka kipoza kizuri kiasi na kibaya kabisa kwenye prosesa kubwa ya aina hiyo: vyote viwili vinaweza kuonyesha 95! Mnunuzi anasema ni sawasawa. Tofauti imejificha kwenye wati na kasi: kipoza kimoja kinairuhusu prosesa ile wati 200, kingine kinaikwamisha 150. Ndiyo maana wapimaji makini wanafunga wati kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kwanza, tuseme 88, ndipo wanasoma joto. Na wanasubiri namba itulie. Chuma kikubwa chenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, kinachukua muda kupata moto, kwa hiyo kipimo cha dakika tatu kinakipendelea.

Fundi, Gulu

Mzee umesema vizuri, ila umesahau vumbi. Huku Januari na Februari ni joto na upepo mkavu, na shule nyingi ziko kando ya barabara ya vumbi jekundu. Juzi nilifungua mashine ya ofisi moja, nikatoa feni. Feni yenyewe ilikuwa safi kiasi, lakini kati yake na mapezi kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana, nikalibandua zima kwa kidole. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Kwa jicho langu, vipoza vyenye mapezi yaliyobanana sana vinaziba haraka, hata kama vilishinda vikiwa vipya. Jaribio la zabuni lipime kipya, kisha lipime tena baada ya muhula mmoja darasani.

Halafu sisi hatuko pwani. Kampala ni takriban mita 1,200 juu ya bahari, Kabale zaidi ya 1,800. Hewa ni nyepesi, Kampala pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi. Feni inazunguka vilevile, inasukuma ujazo uleule, lakini hewa hiyo nyepesi inabeba joto pungufu kidogo. Digrii chache zinaongezeka. Kabale inaokolewa na baridi yake.

Mwenye duka la intaneti, Arua

Na umeme mdogo je? Volti zikishuka jioni si feni inazunguka polepole?

Fundi, Gulu

Hapana, kaka. Pawasaplai, kifaa cha ndani kinachogawa umeme, inatoa volti 12 zilezile mpaka izime yenyewe. Feni yako ikizubaa, angalia bayosi au beringi. Umeme unaharibu jaribio kwa njia nyingine: ukikatika katikati, unaanza upya.

Mwalimu wa maabara, Mbale

Mnapima mashine moja. Mimi nina chumba chenye 40. Kila moja ikila wati 100, hizo ni kilowati 4, ni kama nimewasha pasi nne na kufunga mlango. Kipoza hakiui joto, kinalitoa kwenye prosesa na kunimwagia mimi na wanafunzi. Mkitaka kusaidia shule, andikeni kwenye zabuni madirisha na feni za kutolea hewa, kisha mje na hizo pesti (za kupaka kati ya prosesa na kipoza) na paipu za shaba.

Mleta mada

Madam, madirisha nakubali, na mimi ningeyatanguliza. Lakini mkandarasi wa dirisha si muuzaji wa kompyuta. Huyu wa pili bado anatakiwa aseme ukweli wa bidhaa yake.

Muuzaji, Kampala

Haya, tuelewane. Andikeni wati 88, kasha limefungwa, hewa ya digrii 30, dakika 30, kipoza kifungwe na kufunguliwa mara tatu kwa pesti mpya, maana mkono wa fundi nao unabadilisha namba. Hiyo nitaleta. Kelele sipimi. Programu za desibeli za kwenye simu haziaminiki, na nje ya duka langu boda boda hazinyamazi hata saa sita usiku.

Mleta mada

Tukiacha kelele, utaleta feni inayopiga kama mashine ya kusaga, ishinde kwa digrii tano.

Mwalimu wa maabara, Mbale

Kelele niachieni. Washeni zote 40 kwa kazi nzito, nami nisimame mbele nisome imla. Mwanafunzi wa nyuma akikosa kunisikia, mzigo unarudi dukani.

Muuzaji, Kampala

Madam, hapo sharti nami nichague mwalimu. Wapo wanaonong'ona.