Bwana wa dawa ya mchwa kanicheka mbele ya watoto wangu!

Kabati_la_Mzee:
Wakuu, mikono inatetemeka hata kuandika. Yule bwana wa dawa, simtaji, hakuna asiyemjua kuanzia Ubungo mpaka Kibamba, pampu mgongoni na maneno kuliko redio. Kachukua hela yangu, kapuliza ukuta juujuu, kaapa mchwa hawarudi mpaka kiama. Leo nafungua boksi la magazeti ya marehemu baba, likiwemo la Februari 1967 lenye Azimio la Arusha. Nje safi kabisa. Nanyanyua bunda, jepesi! Ndani udongo mtupu, na mchwa weupe wanakimbia mwanga. Namwita, anachota ile takataka kiganjani, anasema: "Bosi, si makaratasi tu haya? Shukuru TV imepona." Akacheka!

Makaratasi tu! Malkia wa mchwa yuko ardhini anataga, wewe unapuliza ukuta, umeua vibarua wachache. Sakafu inatobolewa, dawa inamiminwa kwenye udongo! Hilo halijui. Kucheka anajua. Baba kayafunga mwenyewe kwa kamba ya katani, mtu anakuja kusema makaratasi tu!

Muuza_Vitabu_Posta:
Pole mkuu. Ila boksi lilikuwa sakafuni, limeegemea ukuta? Basi uliwaandalia pilau kabisa 😂

Kabati_la_Mzee:
Sasa dawa nililipia ya nini? Halafu AKACHEKA.

Mama_Tabata:
Afadhali mchwa unawaona. Kwangu ni vile vidudu vya rangi ya fedha, mkiani nyuzi tatu, vinatoka usiku. Vinakula gundi ya vitabu na wanga wa kwenye karatasi. Vyeti vya wanangu vimechubuka, huwezi kusoma jina. Na masika haya unyevu ndio umevizidisha.

Kijana_wa_Sinza:
Mama, funga vitabu kwenye nailoni, hewa isiingie, tia kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima. Vinakufa pamoja na mayai.

Mama_Tabata:
Friza kwa umeme gani, mwanangu? Juzi tu umekatika, nimemwaga ndoo nzima ya samaki waliooza.

Mkazi_Kimara:
Umeme mna nafuu. Yule wa boza, mnamjua, jana kamwaga nusu ya maji barabarani, akadai hela yote.

Kabati_la_Mzee:
Jamani, mimi nimechekwa na mtu niliyemlipa!

Muuza_Vitabu_Posta:
Wa boza yule yule mwenye honi? Alishaniletea maji ya chumvi!

Mkazi_Kimara:
Huyo huyo! Huko Tabata boza la lita 10,000 mnanunua bei gani?