Wakuu naombeni ushauri: mke wangu ana kazi ya usiku, masters, watoto wawili na blogu, aache kipi?

Mtoto_wa_Ngamiani ameandika:

Habarini za humu ndani, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Ufilipino, Marikina, pembeni ya Manila, huu mwaka wa nane. Mke wangu ni wa hukuhuku, tulikutana Dubai wote tukifanya kazi hotelini, yeye mapokezi mimi jikoni, tukaoana, na mtoto wa kwanza alipokaribia kuzaliwa tukahamia kwao.

Sasa ishu yenyewe. Mke wangu ana miaka 34, kasomea ualimu na leseni anayo (huku ukimaliza chuo cha ualimu bado kuna mtihani wa serikali ndo upewe leseni). Alianzia shule binafsi, mshahara wa kununulia maji ya kunywa, ndo akakimbilia Dubai. Tuliporudi akaingia kolisenta, sasa hivi ni timu lida pale Ortigas (mtaa wa maofisi hapa Manila), wanapokea simu za Wamarekani. Kazi inaanza saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, maana wakati wa joto kule kwao New York na Manila zinapishana saa 12 kamili, sisi tunalala wao ndo wanaamka kugombana na bili zao.

Anarudi saa moja na nusu asubuhi. Mkubwa yuko darasa la pili, shule za serikali huku zimefurika watoto wanaingia kwa zamu, zamu yake saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, so mama na mtoto wanapishana kama madereva wa daladala, wanapigiana honi tu. Mdogo ana miaka mitatu anashinda kwa bibi yake, huku bibi wanamuita lola. Mke analala saa tatu mpaka saa saba mchana, anaamka, anapika, homuweki za mkubwa, saa kumi anafungua laptop anasoma masters ya ufundishaji wa lugha UP Open University, kile chuo chao cha masomo ya mbali kipo Los Baños, halafu saa moja na nusu usiku huyoo kazini.

Utauliza blogu anaandika saa ngapi, breki ya saa saba usiku, kwenye simu, anakula huku anataipu. Anaandika kuhusu baon, yaani chakula anachofungashiwa mtoto kwenda nacho shule, namna ya kufunga kitu cha maana kwa hela ndogo. Wasomaji anao kiasi ila hela hamna, Google hawakulipi mpaka ufikishe dola 100 na toka aanze kafikisha mara mbili.

Wiki iliyopita kalala na kijiko mdomoni, sitanii. Ijumaa kapitiliza kituo ndani ya jeepney (daladala zao), kashtuka yuko Antipolo. Nikamwambia mama, hii blogu iache, ndo kitu pekee ambacho hakilipi ada wala kodi ya nyumba. Kaninunia siku tatu, ananijibu kwa meseji na tuko chumba kimoja.

Mimi nafanya kazi nyumbani, natafsiri na kuandika maneno ya rekodi za Kiswahili kwa kampuni za nje. Nipo tayari kusikia, matusi hapana. Nawasilisha.

ShangaziMakorora:

Marahaba mwanangu wa nyumbani. Nimesoma mara mbili nikitafuta wewe uko wapi kwenye hiyo ratiba. Anapika yeye, homuweki yeye, ada naona mnachangia, halafu wewe unatokea mwisho kabisa kama mgeni rasmi. Na upo nyumbani mchana kutwa! Jibu hilo kwanza ndo tuongee mambo ya blogu.

Chapa_Lapa:

Tanga nzima wanawake wameisha mpaka uvuke bahari mbili mkuu? Hahahaa. Haya, aache masters. Mshahara wa timu lida anao, hiyo digrii ya ualimu ya nini tena.

NesiMuscat:

Mimi nipo Oman, wodini kwetu wenzangu nusu ni Mafilipina, mwaka wa tisa sasa nafanya nao naiti. Nikwambie kitu, usingizi wa mchana hauwi sawa na wa usiku hata ulale saa nyingi. Huyo analala masaa manne tu, na hayo masaa manne nina uhakika kuna muuza kitu anapita na kipaza sauti, kuna jirani na karaoke, kuna wewe unafungua mlango kuuliza chumvi iko wapi. Weka pazia zito jeusi, simu yake itoke chumbani, kahawa aache kuanzia saa tisa usiku ili akifika nyumbani iwe imeshuka. Na asubuhi asisafiri akiwa kasimama kama kuna uwezekano, mwenzetu mmoja alidondoka kwenye ngazi za basi baada ya naiti ya tano mfululizo.

Jambo lingine, hawa dada zetu wengi nilio nao hapa wana watoto kwao wanalelewa na hao kina lola, wanawaona kwa video, mtoto anakua kwenye kioo. Mkeo kuchagua kukesha Ortigas badala ya kurudi Ghuba, ili alale nyumba moja na wanae, ujue hesabu hiyo aliipiga. Usimuone kama mtu aliyejirundikia mambo kwa kutojua.

KijanaWaLikoni:

Buda pole. Si muandike yaya? Na kwani hiyo kazi haina shifti ya mchana, aombe tu ahamishwe.

Mtoto_wa_Ngamiani:

@ShangaziMakorora shangazi umenipiga pabaya. Vyombo naosha, nguo nafua, mtoto shule nampeleka mimi. Ila kupika kweli anapika yeye, na mimi ndo nilikuwa mpishi hotelini, hapo sina utetezi.

@KijanaWaLikoni utacheka, na huku wanaita yaya, neno lilelile, siku ya kwanza namsikia mama mkwe anasema yaya nikadhani kajifunza Kiswahili. Ila yaya wa kihalali ana gharama, toka 2013 wana sheria ya wafanyakazi wa ndani, unamlipia mifuko ya jamii, bima ya afya, na mshahara wa 13 mwisho wa mwaka kama mfanyakazi yeyote. Sisemi ni vibaya, wanastahili, sisi ndo hatuna. Shifti ya mchana zipo chache, na kazi ya usiku kisheria ina nyongeza isiyopungua asilimia 10 kuanzia saa nne usiku, kwao wanatoa zaidi ya hapo. Hiyo nyongeza ndo ada ya masters. Ukigusa huku kule panavuja.

@NesiMuscat karaoke umejuaje?? Jirani anaanza saa nne asubuhi. Pazia nimeagiza leo.

Huria_Zamani:

Mkuu mimi masters nimesoma Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini na watoto watatu, imenichukua miaka mitano na sijafa. Vyuo vya namna hii vimejengwa kwa watu wa aina ya mkeo. Aulize habari ya kusimamisha masomo kwa muda, UP wanayo, inaombwa kwa maandishi, apumzike muhula mmoja arudi. Kusimama sio kuacha. Ila asikae kimya tu bila kujisajili, aombe rasmi.

Blogu usiiguse. Mtu anayefundisha ndani ya roho halafu kutwa anatukanwa na Wamarekani kwenye simu, pale breki ndo darasa lake. Wewe umeona dola 100, yeye anaona kuna mama mahali kafungasha chakula cha mwanae kwa maneno yake.

ShangaziMakorora:

Nimekusamehe kwa kukiri. Sasa swali la pili: huyo mwanamke umeshamuuliza YEYE angependa kuacha nini? Maana humu wanaume watatu mmeshamgawana, huyu masters huyu blogu huyu shifti, mwenyewe amelala.

Chapa_Lapa:

Shangazi leo hana huruma.

Mtoto_wa_Ngamiani (mrejesho, baada ya wiki mbili):

Wakuu nimerudi, sorry kwa kukaa kimya.

Nilimuuliza. Jumamosi katoka kazini nimempikia sinigang, ule mchuzi wao wa ukwaju, kala kashiba, nikamuuliza kama shangazi alivyosema, kwenye haya yote wewe ungependa kuacha nini. Nikajiandaa kusikia masters. Akaniangalia akasema: Jumapili.

Sikuelewa. Kumbe hivi. Kila Jumapili ukoo mzima unakutana kwa mama mkwe, toka saa nne asubuhi mpaka jioni, watu ishirini, wali na mboga sinia kwa sinia, karaoke, kaka mkubwa anayeitwa kuya na hotuba zake. Mke wangu mwili wake umeshazoea kulala mchana, so Jumapili kwake ni kama wewe uamshwe saa saba usiku ukakaange samaki na kucheka na mashangazi. Miaka yote hiyo, na alikuwa hasemi, kwa sababu mama yake anatulelea mtoto bure. Wanaita utang na loob, deni la fadhila, halilipiki kwa hela na halina risiti. Ukikosa Jumapili ni kama umelikana.

Na kuna kingine sikuandika kule juu kwa sababu sikujua kama kinahusika. Anayeng'ang'ania Jumapili ni mimi. Yeye akisema amechoka, mimi ndo nasema twende bwana mama atajisikia vibaya. Wakuu mimi huku sina ndugu hata mmoja. Mama yangu alifariki nikiwa Dubai sikumzika. Jumapili nikifika pale nachukua mkono wa mama mkwe naugusisha kwenye paji la uso, ndo shikamoo yao hiyo wanaita mano, naye ananiita anak, mwanangu. Nilikuwa namburuza mke wangu usingizini ili mimi nikaitwe mwanangu.

Basi nikaenda mwenyewe Jumatano kumuona mama mkwe, nikamueleza kwa Kitagalogi changu cha kuokoteza, po (neno lao la heshima) nyingi kila neno ili nisikosee adabu. Akanyamaza muda mrefu nikaona leo nimeharibu. Halafu akauliza, analala masaa mangapi? Nikamwambia masaa manne kwa siku. Akaenda jikoni akafunga adobo, nyama yao ya siki, kwenye kontena, akasema mpelekee akiamka. Hakusema sawa wala hapana.

Kuya ndo kakasirika, anasema mgeni kaja kuvunja familia yao, hajanijibu salamu hadi leo. Hilo bado sijui nalimalizaje, mwenye uzoefu wa mashemeji aje.

Masters kaomba kusimama muhula mmoja, ahsante @Huria_Zamani. Jikoni nimerudi kazini rasmi, mkubwa anasema chapati zangu ni bora kuliko pandesal, vile vimkate vyao vya asubuhi, ila nadhani ananidanganya apate simu. Blogu inaendelea, na wiki hii kaandika chapati ya kukunja na yai kama baon, kuna mama kauliza hii mkate ya wapi.

ShangaziMakorora:

Huyo kuya mpelekee mke wake zawadi, usimpelekee yeye. Na Jumapili hii umekwenda?

Mtoto_wa_Ngamiani:

Ndo nipo njiani na watoto wote wawili shangazi, tuko kwenye jeepney, mdogo kashanimwagia juisi. Mama yao tumemuacha amelala na simu yake ninayo mimi mfukoni. Imeita mara tatu, ni kuya.

NesiMuscat:

Usipokee hahaha

ShangaziMakorora:

Pokea. Mwambie amelala.