Tiketi za treni ya SGR Nairobi–Mombasa Desemba, mnapataje?

Jamani naombeni msaada. Nataka kuwapeleka mamangu na watoto Mombasa Desemba, tuko watano, na kila nikiingia kubuku naona viti viwili tarehe hii, kimoja tarehe ile, mara nikimaliza kujaza majina na namba za vitambulisho vya watu wote naambiwa muda umeisha anza upya. Nimefanya hivi usiku mara nne. Kwani hao wengine wanapata vipi?

Mzee wa Behewa: Desemba ushachelewa ndugu yangu. Acha kung'ang'ania ekspresi, ile treni ya haraka, jaribu ile ya asubuhi inayosimama Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingine. Inachukua muda mrefu zaidi lakini watoto wataona ndovu wa Tsavo dirishani bure kabisa.

Binti Likoni: Na usisahau hesabu ya huku na huku!! Watu wanadhani treni inakushusha mjini. Inaanzia Syokimau inaishia Miritini, kwa hivyo ukifika usiku na mzigo na mama mzee unatafuta tena matatu ama teksi mpaka kisiwani, halafu mimi bado nina feri ya kuvuka. Pia fikeni mapema, ukaguzi wa mizigo unakula muda.

Muuliza swali: Asanteni. Nimepata ya asubuhi, viti vitatu behewa moja viwili lingine. Mama anauliza kwa nini hatupandi basi tu 😂