Uliyewahi kuvua kwa mtumbwi bwawani wakati wa kiangazi, siku gani ulidhani hutarudi nyumbani? Tupeane uzoefu

KasiaMoja
Habari za usiku wakuu. Upepo umevuma tangu alasiri, bati moja la jikoni limelegea linapiga pa-pa-pa, na mimi nimekaa kitandani macho makavu. Ni sauti ile ile. Wimbi likipiga ubavu wa mtumbwi wa mbao linalia hivyo hivyo.

Nilivua bwawa la Nyumba ya Mungu miaka minne kabla sijakimbilia bodaboda. Watu wanaogopa bahari, mimi naona bahari ina adabu, maji yanajaa na kupwa kwa saa zake. Bwawa la kiangazi halina ratiba. Alfajiri maji yametulia unaweza kuyatumia kama kioo cha kunyolea ndevu, saa tano upepo umekushukia, na wewe uko katikati na kasia moja.

Leteni zenu. Yangu nitaiweka nikipata nguvu.

Dagaa Mchele
Nimekaa siti ya mbele kabisa.

BintiLang'ata
Mimi mtumbwi sijapanda hata siku moja, lakini niacheni niseme, maana kila mwenye kuvua ana mtu anayemsubiri mwaloni.

Mama alikuwa anachoma samaki pale Lang'ata, hapo hapo Nyumba ya Mungu, nyumba yetu inaona bwawa. Usiku wa giza kazi yangu ilikuwa kuhesabu taa. Kila mtumbwi una taa, kwa hiyo ukijua wametoka wangapi unajua wamebaki wangapi. Usiku mmoja wa Agosti nimehesabu kumi na moja. Upepo ukaja. Nikahesabu tisa. Nikarudia, tisa. Nikamwamsha mama, mama akaamsha majirani, wanawake tukasimama kwenye tope hadi magoti (kiangazi maji yanarudi nyuma mbali sana, unatembea kwenye tope kabla hujayagusa) tunaita majina.

Taa moja ilikuwa imezimwa na upepo kweli. Ya pili ilikuwa ya kaka yangu. Ameizima mwenyewe kubana mafuta! Alitokea saa kumi na mbili asubuhi anapiga mluzi, ana ndoo ya perege, anauliza chai iko wapi. Mama alimpiga na kasia lake mwenyewe.

Dagaa Mchele
Kaka mtu angezaliwa kwetu angeitwa Bajeti 😂

Kambale Mtupu
Mie kiboko tu. Sina cha kuongeza.

MtuWaMilimani
Wacha nichangie kutoka Kenya, ingawa sisi hatuna viboko huko juu. Niliwahi kupigia wageni makasia kwenye bwawa dogo la milimani, maji baridi hata Februari jua likiwa kali. Samaki wa huko anaitwa trauti. Wazungu walimleta mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakamtia kwenye mito inayotoka mlimani. Hataki maji ya joto. Jua likipanda anazama chini kwenye ubaridi, jioni ndipo anarudi juu kula wadudu. Kwa hiyo mchana kutwa mgeni anarusha tu bila kupata kitu na hasira inampanda.

Chambo chake si mnyoo, ni ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Ile kamba inarushwa nyuma kwanza, halafu mbele. Mimi nimekaa nyuma.

Siku hiyo mgeni alisimama kwenye mashua nikamwambia keti, hakusikia. Upepo ukatusukuma, akarusha, ile ndoano ikaingia sikioni kwangu na yeye akadhani ameshika mti, akavuta! Nilipiga yowe, nikaruka, mashua ikalala ubavu, mgeni akaenda majini na buti zake za mpira zinazofika kiunoni. Zikajaa maji. Hapo sikio nikalisahau. Nilimshika kola, siwezi kumpandisha kwa sababu nikimvuta mashua inapinduka, nikabaki nimemshikilia hivyo hivyo huku upepo unatubeba hadi ng'ambo, na sikioni kwangu bado tumefungana na kamba yake.

NgomaNgumu
Samaki mmoja anavuliwa na watu wawili na mashua nzima? Halafu anarudishwa majini? Niliwahi kusikia wanamrudisha.

MtuWaMilimani
Wengine humrudisha, ndiyo.

NgomaNgumu
Basi uzi ufungwe.

fundi_pampu
Ndoano ikiingia mwilini usiivute kurudi nyuma, ina kijimwiba. Isukume itokeze upande wa pili, kata kile kijimwiba kwa koleo, ndipo uirudishe.

Kambale Mtupu
Uongo. Unaivuta haraka huku unamwambia mtu habari za mpira. Nimefanyiwa.

fundi_pampu
Na kovu unalo?

Kambale Mtupu
Ninalo, ila timu ilishinda.

Kisiki cha Mtera
Nimesoma kimya tangu jana. Hilo bati la mleta uzi limenifikia na mimi.

Wanaolijua bwawa la Mtera wanajua. Bwawa likijaa maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na wenye mitambo ya umeme wanayatumia hadi 690. Mita nane na nusu. Kwako ni tarakimu, kwetu ni msitu. Walipolijaza mwaka 1980 miti iliachwa imesimama, ikafia mle mle majini. Maji yakishuka kiangazi vichwa vinatokeza, vyeupe, ndege mnandi wamekaa juu wameanika mabawa. Hivyo vinavyoonekana havina shida. Kisiki kibaya ni kile kilichobaki shibiri moja chini ya maji. Na perege anapenda hapo hapo, kwa hiyo na sisi tunatega hapo hapo.

Ilikuwa Septemba, mimi na mjomba, tumetoka upande wa Migoli saa kumi jioni. Kawaida unatega, unarudi kambini kulala, alfajiri unavuta. Wavu wa pili ukanasa kwenye matawi. Mjomba hakutaka kuuacha, nitasema kwa nini mbele. Giza likatukuta tunahangaika nao, na upepo wa mchana siku hiyo haukulala.

Wimbi lilitunyanyua, halafu likatuketisha juu ya kisiki. Sikusikia kishindo. Nilisikia ubao unalia chini ya miguu yangu na maji yakawa vifundoni. Mimi nachota kwa kopo la rangi, mjomba amevua sweta anasokomeza kwenye tundu. Kila wimbi likitunyanyua linaturudisha pale pale, tundu linapanuka. Mtumbwi wa mbao hauzami moja kwa moja. Unajaa, unalingana na maji, halafu unakugeukia kama ng'ombe aliyechoka kukamuliwa.

Tulipanda miti. Yeye wake, mimi wangu, hatua kama kumi na tano kati yetu, kila mmoja amekumbatia shina lisilozidi paja. Siioni mikono yangu. Viboko wanakoroma upande wa nchi kavu na sijui kama wanakuja au wanakwenda.

Mjomba akaanza kuongea. Nikadhani atasali. Akaanza kutaja madeni. Fulani namdai hiki, fulani ananidai kile, baiskeli ya fulani iko kwa fulani, ile shamba la mpakani nilikopesha sikuuza. Akimaliza ananiambia rudia. Nikikosea anaanza upya. Usiku kucha. Alitaka mmoja wetu akitoka, asitoke mikono mitupu mbele ya watu.

Kama saa kumi alfajiri tukasikia injini. Taa kubwa inazunguka. Doria.

Sasa kwa nini mjomba hakutaka kuacha wavu: ulikuwa timba, wavu wa plastiki uliopigwa marufuku. Tena mpya, wa kukopa, namba moja kwenye ile orodha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza, wapite. Kutakucha sasa hivi." Na mimi nikanyamaza. Watu wananiulizaga kuhusu viboko. Mimi ninaloliota mpaka leo ni hiyo dakika, taa imepita kwenye uso wangu imeenda, na nimefumba mdomo.

Nikapiga kelele. Mjomba akanitukana tusi ambalo mjomba hamtukani mpwa wake. Wakageuza boti. Wakatupa chai ya chupa na blanketi moja la watu wawili, kulipokucha wakauvuta wavu wetu wote kwenye visiki, wakauchoma mbele yetu ufukweni. Faini juu. Mjomba hakunisemesha mpaka mvua za Desemba.

Dagaa Mchele
Daah.

BintiLang'ata
Pole sana kaka. Nimesoma nikasimama.

Mwenye Leseni
Pole kwa usiku, lakini tuseme ukweli. Timba imepigwa marufuku kwenye kanuni za uvuvi za 2009 na kuna sababu. Ni plastiki, haiozi. Ukiiacha imenasa kwenye visiki inaendelea kuua samaki miaka na hakuna anayekula. Halafu unakuja humu tukupe huruma. Nyumba ya Mungu lilifikia hatua ya kufungwa uvuvi kwa sababu ya watu kama mjomba wako.

Kambale Mtupu
Na wewe mwenye leseni, nyavu za halali zinadumu msimu mmoja kwenye visiki vya Mtera. Umewahi kuzinunua au umezisoma tu?

Mwenye Leseni
Nimezinunua, na nimevua miaka kumi na sita bila kukimbia doria hata siku moja.

NgomaNgumu
Hii ya kisiki ni chai, ya kutunga. Mti uliokaa majini tangu 1980 ubebe mtu usiku kucha?

Kisiki cha Mtera
Mkuu njoo kiangazi nikupandishe. Sehemu iliyozama haiozi haraka, ndiyo maana ipo mpaka leo. Inayooza ni pale maji yanapopanda na kushuka, na tawi langu lilikatika mara mbili. Mwenye Leseni sijaomba huruma. Umesema kweli kuhusu timba, na tuliulipa wavu ule miezi kumi na nne baada ya kuchomwa.

KasiaMoja
Wakuu, uzi wangu umekuwa kesi ya nyavu. Tupeane na mbinu basi, kuna vijana wanasoma humu wanaenda majini kesho.

Mwenye Leseni
Toka saa kumi alfajiri, saa nne uwe nchi kavu. Jaketi la kujiokolea ulivae, usilikalie. Upepo ukikukuta elekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kwenye wimbi, likugonge kwa mshazari kidogo, ukae chini kabisa.

Kambale Mtupu
Hakuna anayetoka saa kumi akarudi saa nne akashiba. Mbinu ni dumu tupu la lita ishirini, lifunge kwenye mtumbwi kwa kamba. Mtumbwi ukienda, dumu lipo.

MtuWaMilimani
Yule mgeni alikuwa na kitu kama mwavuli wa turubai, unakitupa majini upande upepo unakotoka, kinajaa maji, mashua inapunguza kasi haizungukizunguki. Yeye alikitumia avue taratibu. Mimi nikaona hiki kingeokoa watu.

fundi_pampu
Ndoo yenye kamba ndefu inafanya kazi hiyo hiyo.

NgomaNgumu
Ndoo ndiyo unachotea maji. Sasa uchote au uburute?

fundi_pampu
Beba mbili.

Kambale Mtupu
Kuhusu kiboko: piga ubavu wa mtumbwi na kasia unapokaribia, ajue unakuja. Na usikae kati yake na kina.

Dagaa Mchele
Babu yangu alisema ukimya. Ukipiga unamwamsha.

Kambale Mtupu
Babu yako alikufa na nini?

Dagaa Mchele
Presha. Akiwa na miaka 88. Hakuwahi kuvua.

KasiaMoja
Haya, yangu. Ni fupi na haina kiboko.

Nilikuwa na mdogo wangu, miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, kanililia nimpeleke. Mchana wa saa sita, najua kabisa si saa ya kutoka. Katikati kasia la pili likamponyoka. Lilikuwa karibu, mkono na nusu. Akanyanyuka alifuate. Nikamwambia keti, upepo ukala sauti. Aliinama, mtumbwi ukala maji upande mmoja, nikajitupa upande wa pili kuusawazisha badala ya kumshika yeye. Nilichagua mtumbwi. Sikufikiri, mwili ulichagua.

Hakuanguka. Alishika ukingo akakaa. Tulirudi kwa kasia moja, muda wa saa nne nzima, naye anaimba nyimbo za shule. Hajui kitu. Leo ana watoto, na jana mkubwa wake kaniomba nimpeleke bwawani likizo hii. Nimesema hapana, naulizwa kwa nini, sina jibu.

Mwenye Leseni
Mtumbwi ungepinduka mngekwenda wote wawili. Uliusawazisha, na ndiyo sababu alipata ukingo wa kushika.

KasiaMoja
Nimejiambia hivyo miaka ishirini mkuu.

BintiLang'ata
Mpeleke alfajiri. Mimi nitahesabu taa.

Kisiki, samahani nirudi nyuma. Mjomba aliposema tena na wewe, yale madeni yaliishia wapi?

Kisiki cha Mtera
Dada, nayajua yote kichwani mpaka leo, hilo ndilo linalomkera. Akisahau namkumbusha. Kuna moja aliitaja katikati ya usiku, nadhani hakujua anasema na nani: mbuzi wawili wa marehemu baba yangu. Miaka yote alikuwa anakana mbele ya ukoo.

Mbuzi mmoja ameshamlipa.