Nyie mashirika mnaoleta watu kujitolea Turkana, acheni kutudanganya kuhusu usafiri

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kujifanya sina. Mimi ni nesi, Mtanzania, nipo Turkana kaskazini mwa Kenya, najitolea kwenye kliniki ya kijijini huku upande wa ziwani. Kazi naipenda na watu wa huku sina neno nao kabisa. Ninaowalalamikia ni shirika lililotuleta, jina naliacha kwa sasa, ila naongea na wenzangu waliokuja kupitia mashirika mengine na hadithi ni hiyohiyo.

Barua yao imeandika wazi kwamba usafiri hadi kituo cha kazi uko juu ya shirika. Kumbe walimaanisha tiketi ya basi mpaka Kitale! Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni kama kilomita 300, Lodwar, mji mkuu wa Turkana, kuja Kalokol huku ziwani nyingine kama 60, na hicho kipande chote ndo chenye joto, ndo chenye shida ya usalama, ndo gari ni za kubahatisha, halafu hapo ndo wanakuachia ujitegemee. Si wangesema tu mapema mtu ajipange?

Matatizo yalianza tangu mpakani. Jamaa wa dirishani kaishika kadi yangu ya homa ya manjano, kaigeuza geuza, eti hii ya 2012 imeisha, chanjo ni miaka 10, nilipie nichomwe upya. Nikamwambia kaka mimi ni nesi, hiyo kanuni ilibadilishwa tangu tarehe 11 Julai 2016, chanjo hii sasa hivi ni ya maisha na kadi za zamani nazo zinahesabika hivyohivyo. Akaniweka pembeni mpaka basi linapiga honi. Napiga simu kwa mratibu wa shirika haipokelewi. Mwenzangu akalipa kwa kuogopa kuachwa, mimi nikagoma nikapita mwishoni kabisa. Shirika linaloleta watu kila mwaka linashindwaje kumpa mtu karatasi moja ya maelezo ya kuonyesha pale?

Kitale tukakata tiketi ya Lodwar, tukaambiwa gari inatoka saa 12 alfajiri, ikatoka saa 4 kwa sababu walikuwa wanasubiri ijae. Mnaijua ile barabara? Kapenguria unavaa sweta, ukishashuka Marich Pass joto linakuvaa usoni, madirisha yanafunguliwa lakini upepo unaoingia nao ni wa moto, na maji niliyonunua Kitale yamebaridi mpaka Kainuk hayanyweki kwa joto. Na Kainuk sio pa kupita muda wowote unaojisikia. Februari 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kaunti 6 za ukanda huu kuwa za hatari, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, ikaweka na kafyu ya usiku kwa sababu ya ujambazi na wizi wa mifugo. Habari hii haikuwa siri, ilikuwa kwenye redio na magazeti yote. Mbona kwenye semina yao ya kutuandaa walitumia muda wote kutufundisha kupiga picha za ripoti na hili hawakuligusa?

Tumefika Lokichar, konda anagonga bodi. "Madam hapa ndio mwisho, gari haisongi, mtapanda Probox." Probox ni hizi Toyota ndogo zinazobeba abiria. Tiketi mkononi imeandikwa Lodwar. Nikimuonyesha anaangalia pembeni, mabegi yetu tayari yameshushwa vumbini. Nikampata mratibu kwa simu, akanijibu, "Pole, tutaangalia hiyo maneno," akakata. Basi tukalipa tena kwa hela zetu, tukabanana humo watu tisa na mizigo na mbuzi nyuma.

Mbele kidogo tukakuta laga inashuka. Kwa msiowahi kuona, ni mto mkavu wa mchanga, watu wanatembea humo kila siku, halafu mvua inanyesha huko milimani, hapo ulipo jua linawaka vilevile, ghafla maji yanakuja kama chai ya maziwa yanazoa magogo. Dereva alitaka kujaribu kuvuka, mzee mmoja wa Kiturkana akashuka akasimama mbele ya gari kabisa akamkatalia. Mungu ambariki yule mzee.

Tukakaa pale ukingoni mpaka giza. Kivuli hakuna, ni mathenge tu, vichaka vya miiba, ile miiba yake inapita kwenye soli ya sendo. Humo garini kulikuwa na mama na mtoto wa kama miezi nane, mtoto anaharisha tangu jana yake, ndo alikuwa anampeleka hospitali Lodwar. Nikamshika, utosi umebonyea, nikivuta ngozi ya tumbo inarudi taratibu, analia machozi hayatoki. Nilikuwa na pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye begi langu, nimenunua mwenyewe Arusha, nikakoroga kwenye chupa tukawa tunampa kijiko kijiko, mama analowesha kanga anamfunika, hivyo hivyo mpaka maji yakapungua tukavuka. Lodwar tuliingia usiku mtoto ameanza kukojoa. Sasa niambieni, kama nesi anayeletwa kuja kuhudumia watoto kama hawa anafikishwa kazini kwa kubahatisha, dawa za kliniki zinafikaje? Nimeshayaona hapa: chanjo zinakuja na boda kwenye kibebeo cha barafu, tairi inapasuliwa na miiba ya mathenge njiani, dereva anaziba pancha juani na barafu inaendelea kuyeyuka.

Na kilichonifanya niandike leo ni mhasibu wao. Nimeomba nirudishiwe hela ya Probox na boda, kanijibu kwa emaili kwamba bila risiti ya mashine hailipwi. Dereva wa Probox Lokichar atatoa wapi risiti ya mashine? Wanajua kabisa hakuna, wanalala mjini kwenye feni halafu wanataka posho yangu ndogo ibebe gharama zao.

Ninachodai ni hiki. Walipe hela yangu na ya wenzangu kwa orodha iliyosainiwa na namba za simu za madereva, tunazo. Kundi linalofuata lipelekewe gari Kitale, litoke asubuhi lifike Lodwar mchana, kila mtu awe na maji ya kutosha na namba ya mtu anayepokea simu. Wakishindwa, barua iandike ukweli kwamba wanakulipia mpaka Kitale tu.

Mliowahi kudai hela za hivi mkalipwa, mlipitia wapi? Na wewe uliyeitwa kuja huku mwezi ujao, kabla hujasaini waulize kwa maandishi: kutoka Kitale napanda gari gani, na analipa nani?