Mjadala: Ni kweli dawa za nano "zinakwenda moja kwa moja" kwenye saratani?

Wadau, kila tukizungumzia saratani hoja hii hurudi: nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutumia chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, imeifanya dawa iende moja kwa moja kwenye uvimbe na kuuacha mwili salama, kwa hiyo kemotherapi ya kawaida imepitwa na wakati. Mimi naipinga, ingawa sayansi yenyewe naiheshimu.

Nilikaa na dada yangu akitundikiwa dripu ya doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemotherapi. Dawa ni nyekundu, na siku ile hata mkojo hutoka mwekundu. Lakini tulichoogopa ni moyo. Dawa hii ikilimbikizana hudhoofisha misuli ya moyo, ndiyo maana kila mgonjwa huwekewa kikomo cha dozi zake zote kwa jumla. Sasa, Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni doksorubisini ileile iliyofungwa ndani ya kijipovu cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi. Unywele ni mnene karibu mara elfu. Moyo hupata nafuu kubwa. Badala yake, viganja na nyayo huweza kuwaka moto hadi ngozi ichubuke.

Na hiyo "moja kwa moja"? Mwaka 2016 watafiti waliopitia majaribio ya miaka 10 kwa wanyama walikuta kiwango cha kati ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa kufika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa hunaswa njiani na ini na wengu. Asilimia 0.7, jamani! Anayemwambia mgonjwa habari za risasi inayomjua adui anampa matumaini ambayo hayapo.

Kwenye uchunguzi nina imani zaidi. Ule mstari mwekundu wa kipimo cha mimba mara nyingi ni chembe za nano za dhahabu, na mbinu hiyo inajaribiwa kunasa dalili za saratani kwenye damu. Hofu yangu ni kipimo kuona hata kivimbe ambacho kisingemdhuru mtu maisha yake yote, naye akaishia kupasuliwa.

Wanaotetea, nijibuni: dawa ikipunguza mateso bila kuongeza miaka ya kuishi, tuiite tiba bora? Mimi nasema ndiyo. Dada yangu ningemchagulia hiyo, kwa ajili ya moyo wake, ila ningetaka daktari amwambie sababu ni hiyo.